Leso, Kikoi na Maji ya Minnesota



Kila ufikapo mwezi wa Juni, hapa Minneapolis na Saint Paul huanza safari za mahema. Jimbo la Minnesota lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, na watoto wetu, kama watoto wa wenyeji, hawaridhiki kuyatazama kwa mbali. Ndipo hunijia mimi, karani mstaafu, swali lile lile kutoka kwa jamaa: tuvae nini ufuoni ili tupate raha, na sitara isipotee? Nimeona nilijibu kwa maandishi, kwani lina sehemu mbili, ya nguo na ya nasaba.

Sisi watu wa pwani si wageni katika jambo hili. Wavuvi na mabaharia wetu walivaa kikoi kwa kuwa ni pamba iliyofumwa, hupitisha hewa, na hufungwa kiunoni bila ya kifungo wala mshipi. Mama zetu walikuwa na leso, ambayo jina lake limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, kwani hapo kale vitambaa hivyo vilishonwa pamoja vikawa nguo moja. Jozi moja ilifanya kazi nyingi: kujifunga kifuani, kujitanda, kumbeba mtoto, kujifuta maji, hata kutandika mchangani. Basi mwenye kutafuta vazi la kujifunika atokapo majini asihangaike madukani. Aghalabu limo kabatini mwake, na kama halimo, amwagizie jamaa apitaye Biashara Street, Mombasa.

Lakini maji ya huku si maji ya Bahari ya Hindi. Pamba ikirowa hukawia kukauka, na upepo wa jioni ukiipuliza, hunyonya joto la mwili. Maji ya Lake Superior huwa baridi hata katikati ya kiangazi. Kwa hiyo majini livaliwe vazi la kuogelea la nailoni au polista, lenye mikono mirefu na suruali ndefu. Leso na kikoi zingoje ufuoni, kavu, ndani ya mfuko wa plastiki. Atokaye majini ajifute, avue kila kilichorowa, avae nguo kavu, ndipo ajitande. Usiku sweta na soksi hazikosi kazi. Msituni mna mbu na kupe, na wapo kupe wa huku wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme. Basi suruali ndefu ya rangi isiyokolea, ncha zake zikiingizwa ndani ya soksi, humfanya kupe aonekane kabla hajafika mwilini. Na mbele ya moto wa kambi, ncha za leso zisiachwe zikining'inia.

Sehemu ya pili ni nzito zaidi. Mjukuu wangu wa kike ametimiza miaka 13. Kiangazi kilichopita kaka zake waliogelea, naye akaketi mchangani na abaya yake, akiwalindia viatu. Hakuna aliyemkataza kwa maneno. Alifahamu tu kwamba ndivyo inavyotarajiwa. Nilipompigia simu dada yangu mkubwa aliyeko Mombasa, kumweleza kuwa mwaka huu mtoto atanunuliwa vazi la kuogelea lenye kusitiri, alinijibu, "Ndugu yangu, binti ameshakua. Majini ana nini?"

Nikamwambia kwa adabu, "Dada, siku ya mwaka si mama na shangazi zetu walikuwa wakishuka pwani kuoga, na leso zao mwilini?"

Alinyamaza kitambo, kisha akacheka.

Nairuzi, mwaka mpya wa jua, ilikuwa siku ya kuoga baharini, wake kwa waume, kila kundi na mahali pake. Kwa hiyo mwanamke wa pwani kuingia majini akiwa amejisitiri si uzushi wa ughaibuni. Vazi lenyewe ndilo jipya. Burkini ilibuniwa na Aheda Zanetti huko Australia mwaka 2004. Hapa Minnesota, Halima Aden, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, aliivaa mwaka 2016 katika mashindano ya Miss Minnesota USA. Na mwaka 2019 akapigwa picha ameivaa katika jarida la Sports Illustrated, na picha hizo zilipigwa Watamu, katika pwani yetu wenyewe. Sisemi binti zetu wakashindanie urembo. Nasema kwamba sitara waliyoijua mama zetu ilimwezesha mtu kushuka majini pamoja na wenziwe, wala haikumfunga mchangani.

Imebaki habari moja ya nyumbani. Sandukuni mwangu palikuwa na jozi ya leso niliyopewa na marehemu mama siku niliyoondoka Mombasa. Ilikuwa haijakatwa wala kupindwa. Dada alitaka ibaki hivyo hivyo iwe kumbukumbu, nami kwa miaka mingi nilikubaliana naye. Lakini mama hakupata kuwa na leso ya kutazamwa. Zote alizivaa zikachakaa. Tumeshauriana tena, na safari hii neno la mwisho lilikuwa lake dada: zikatwe.

Fundi amezikata na kuzipinda wiki iliyopita. Moja nimempelekea dada Mombasa. Ya pili imo ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na vazi jipya la mjukuu wangu, na safari yetu ni Ijumaa ijayo, inshallah.