Mzigo Ulivyohama Nyuma

Nimekulia Busia, mji ulioanzisha bodaboda za baiskeli za kuvusha watu mpakani. Kwetu keria ndiyo iliyokuwa baiskeli yenyewe. Baiskeli ya chuma ya Black Mamba ilibeba gunia la mahindi, kreti za soda au abiria na mtoto wake, vyote juu ya gurudumu la nyuma, na uzito wa chuma haukumsumbua mtu.

Hata nilipoanza safari ndefu nikiwa Nairobi, nilifunga keria na mifuko miwili ya kando. Nikaijaza. Mfuko mkubwa haukosi cha kutiwa.

Kisha nikapata baiskeli ya kaboni, nyepesi ya kuinuliwa kwa mkono mmoja, isiyo na hata tundu moja la skrubu ya keria. Nilimwuliza fundi kama tungeweza kuibana keria kwenye bomba la kiti. Aliligonga kwa kucha, akasita. “Bosi, hii nikiikaza, utalia.”

Alijua kazi yake. Nyuzi za kaboni huhimili sana kuvutwa kwa urefu, lakini kubanwa kutoka kando hazikutaki. Chuma hubonyea ukaona. Kaboni inaweza kupasuka ndani huku rangi ikimetameta. Isitoshe, gurudumu la nyuma la baiskeli za aina hii liko karibu mno na pedali, hivyo kisigino kingegonga mfuko kila mzunguko.

Jibu lilitoka kwa waendeshaji wa masafa marefu, wa theluji ya Alaska na wa Tour Divide, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Banff, Kanada, hadi mpaka wa Mexico. Wao walifunga mifuko kwa mikanda: chini ya kiti, ndani ya fremu, mbele ya usukani. Niliiga. Nguo zikaenda chini ya kiti, maana kitu kizito huko huyumbisha baiskeli ukisimama kwenye pedali. Maji na spana zikakaa ndani ya fremu. Kila mahali mkanda unapogusa fremu nilibandika plastiki ngumu, kwa sababu vumbi la Magadi likiingia chini ya mkanda ni msasa.

Watengenezaji nao wakalegea. Mwaka 2015 kampuni ya Salsa ilitoa baiskeli ya Cutthroat, ya kaboni, yenye matundu ya skrubu kwenye uma wa mbele. Kampuni ya Tailfin ya Bristol ikaunda keria ya kaboni inayoegemea ekseli ya nyuma, ili mzigo usiielemee fremu. Siku hizi, kabla ya kuuliza bei, nauliza kila tundu limeruhusiwa kilo ngapi.