Mji Mkongwe Bila Begi Zito

Vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, havitaki begi kubwa, mpenzi msomaji. Safari hii niliiacha nyumbani lenzi yangu ya Canon 70-200 f/2.8, karibu kilo moja na nusu peke yake, nikabeba kamera moja tu: Fujifilm X100V, gramu 478 pamoja na betri. Haina zumu. Ukitaka sura ya mtu inabidi umsogelee, umwamkie, umwombe ruhusa (si ndiyo ustaarabu wenyewe?). Muuza kahawa wa Jaws Corner alicheka: "Piga tu bwana, kikamera chenyewe kidogo!"

Usiku, Forodhani, mke wangu akanishika mkono. Miaka mitatu ya ndoa, eti ndiyo safari ya kwanza tunatembea sambamba, bila yeye kusimama kunisubiri nibadilishe lenzi. Urojo tuliunywa ungali moto.