Boma la Kale na Familia za Kariakoo

Kwenye kona ya Barabara ya Sokoine na Barabara ya Morogoro, mkabala na bandari ya Dar es Salaam, lipo jengo la ghorofa moja linaloitwa Boma la Kale, ambalo Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alilijenga mwaka 1866 na 1867 ili kuwalaza wageni wake alipokuwa akiuanzisha mji huu. Majid alifariki mwaka 1870 mji ukiwa bado mchanga, nduguye Barghash aliyemrithi hakuuendeleza, na Wajerumani walipoingia mwishoni mwa miaka ya 1880 walilitwaa jengo hilo na kuligeuza boma, yaani kituo cha utawala na ulinzi. Kwa miongo mingi iliyofuata, mkazi wa kawaida aliyeingia humo alikuwa ameitwa, au alikuwa na shida ya kiofisi iliyompeleka. Baadaye jengo liliponea chupuchupu kubomolewa, likakarabatiwa, na tangu mwaka 2017 ni makao ya Kituo cha Urithi wa Usanifu Majengo, kinachofahamika kwa kifupi kama DARCH, chenye onyesho dogo la namna mji ulivyojengwa.

Familia ya mwandishi wa kumbukumbu hii, ambayo asili yake ni Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, imekuwa ikitembelea makumbusho ya jiji kwa vizazi vitatu, na kilichobadilika zaidi katika ziara hizo ni mtu anayeachiwa kusema. Wazazi wa leo walipokuwa watoto, makumbusho yalikuwa Makumbusho ya Taifa ya Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza na kupanuliwa baada ya Uhuru. Huko watoto walisomewa habari za fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959, wakaangalia magari ya viongozi wa nchi, wakaambiwa wasiguse kitu. Yote hayo yalikuwa na thamani kubwa na yanastahili kuonwa na kila mtoto wa Kitanzania. Lakini bibi wa familia, aliyekuwa hodari wa kuhadithia akiwa barazani kwake, alitembea nyuma ya wajukuu bila kufungua kinywa, kwa kuwa hapakuwa na kitu alichokijua kuliko maandishi ya ukutani.

Miaka mingi baadaye, mmoja wa wajukuu hao, sasa akiwa mama, alimpeleka bibi huyo pamoja na vitukuu Boma la Kale, na hapo mambo yakageuka. Kuta za Boma ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo, na dari yake imebebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko yaliyokatwa pwani. Bibi aliinua macho, akaziona boriti, akaanza kueleza bila kuulizwa kwamba urefu wa boriti ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vya majengo ya kale ya pwani ni vyembamba hata vikiwa virefu. Kijana aliyekuwa akiwaongoza wageni alinyamaza, akasogea karibu, akaanza kumuuliza maswali yeye.

Picha za mitaa ya zamani zilimtoa maneno zaidi. Kitukuu mmoja, aliyezaliwa na kukulia kwenye ghorofa, alimuuliza, "Bibi, sebule ilikuwa wapi?" Jibu lake lilichukua muda mrefu, na ndilo lililokuwa kiini cha ziara nzima. Nyumba ya Kiswahili, kama zilivyokuwa nyingi za Kariakoo, ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele kwa ajili ya wageni na mazungumzo ya jioni, na uani nyuma penye jiko, choo na bafu, mahali ambapo wapangaji wa makabila mbalimbali walipika, walifua, waliuguzana na pengine waligombana. Kuta zilikuwa za miti, fito na udongo. Paa lilianza kwa makuti, likaja la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, hatimaye la mabati. Wenye nyumba hizo hawakuwa wanaume peke yao, kwani si wachache waliokuwa wanawake waliosomesha watoto wao kwa kodi ya vyumba.

Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ilitenganishwa na mitaa ya Wahindi na ya Wazungu kwa uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao watawala waliuacha wazi kwa makusudi. Ni Kariakoo hapo hapo ndipo chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Lumumba. Banda la soko lililoachwa na Wajerumani liliondolewa, na mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye paa la zege linalofanana na miavuli iliyofunuliwa. Soko hilo liliungua mwezi Julai 2021. Msanifu huyo anajulikana na wasomi. Mafundi waliosuka fito za nyumba zilizolizunguka soko hawakuandikwa popote, ingawa watu waliolala chini ya mapaa yao wangali hai.

Tofauti kati ya ziara hizi mbili haitokani na ubora wa makumbusho moja kuliko mengine. Inatokana na kwamba Boma linahifadhi historia iliyo karibu kiasi cha kuwa na mashahidi, na shahidi akipewa nafasi, maelezo ya ukutani huwa mwanzo wa mazungumzo. Mashahidi hao wanapungua, na nyumba za Kiswahili zilizosalia Kariakoo ni chache, kwani viwanja vingi vimekwisha kupandishwa maghorofa ya maduka. Jiji na wenye nyumba wangekubaliana kuihifadhi hata moja, yenye baraza na uani wake, wangekuwa wamefanya jambo la maana kubwa. Kabla ya hilo kutendeka, kila familia yenye mzee aliyekulia katika mitaa hiyo impeleke Bomani angali na nguvu za kupanda ngazi, imwachie azungumze, na mmoja wao ashike kalamu.