Uzi, sindano na vidonge vya mama

Protini ni uzi wa asidi amino uliojikunja. Zile za kwenye utando wa seli hupita ndani na nje, ndani na nje, kama uzi wa mkonge unaposhona mdomo wa gunia. Swali ni hili: nini kinaushikilia uzi huo usifumuke?

Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani waliamua kuvuta. Walichukua baktiriorodopsini, protini inayokatiza mara saba utando wa kijidudu kinachopenda chumvi, wakainasa kwa ncha ya sindano ndogo mno, moja peke yake. Haikutoka kwa mpigo mmoja. Ilichomoka kwa vipande, mara nyingi mikunjo miwili miwili, na kila kipande kiligoma kwanza. Kiligoma kwa pikonyutoni 100 hadi 200. Yaani, chukua uzito wa embe dogo, uugawe mara milioni ya milioni, halafu uchukue vipande 100 tu. Mwaka 2017 Wamarekani walirudia kwa kifaa chepesi zaidi, wakaona vituo vingi zaidi njiani, vingine vikipishana kwa asidi amino mbili tatu.

Mbili tatu tu! Nilikuwa Mikumi niliposoma hayo, malori yakipita barabara kuu, na nikaweka simu chini.

Maana kimelea cha malaria nacho kina protini ya utando, PfCRT. Asidi amino ya 76 ikibadilika, pamoja na nyingine chache, uzi bado unajikunja na kusimama vizuri. Ila sasa unageuka mlango wa kuitoa klorokwini pale ilipotakiwa kuua. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001.

Mdogo wangu alifariki Kilosa miaka miwili kabla ya hapo, dozi ikiwa imekwisha. Msibani walinong'ona eti mama hakumpa vidonge vyote. Mama alivihesabu. Hakuwahi kumjibu mtu.

Nilipokwenda Kilosa nilimweleza kwa gunia na sindano. Sikumwambia nina hakika, kwani damu ile haikuchunguzwa hivyo. Nilisema inawezekana kabisa vidonge vyote vilifika, mlango ukavitoa.

Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo, mwanangu, hata ningerudia dozi?"

"Huenda isingesaidia, mama."

"Haya. Kawaeleze na shangazi zako."