Sasa Hiyo Nayo ni Kazi Gani?

Nikisema nataka kusomea bayolojia ya seli na molekyuli chuoni, baba huniuliza, "Sasa hiyo nayo ni kazi gani?" Yeye angependa niwe wakala wa forodha, maana malori hayaishi hapa mpakani.

Mimi humjibu kwa heshima. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi Malaba na Busia. Madereva walilala barabarani. Hata aliyekuwa na stakabadhi zote alingoja majibu ya maabara. Sampuli zilipimwa KEMRI Alupe, papa hapa Busia, na wataalamu wanaotambua kirusi kwa chembe zake za urithi. Na batobato inayoharibu mihogo yetu pia huletwa na virusi. Je, hiyo si kazi?

Sikatai, ajira ni haba, na shahada moja huenda isitoshe. Lakini mpaka huu unahitaji wapimaji kama unavyohitaji mawakala. Ndiyo maana nakazana na Kemia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niko tayari kuinamia hadubini.