Gundi Haishiki Ukuta, Inashika Rangi: Stori ya Pazia kwa Sisi Wapangaji

Vioo vya tinted vimetudanganya wengi. Mchana ukisimama nje unajiona mwenyewe, unarekebisha na wigi kabisa, kwa hiyo ukipanga chumba chenye vioo hivyo unajisemea, nani ataniona? Subiri saa moja usiku. Kioo kile hakijui nani mpangaji na nani mpita njia, kinachojua ni upande upi una mwanga mwingi. Mchana mwanga uko nje, aliye nje anajitazama mwenyewe. Ukiwasha taa usiku mambo yanageuka: wewe ndani unaona sura yako kwenye kioo, aliye gizani anakuangalia kama sinema. Tena bila kiingilio.

Na wapiga chabo Dar hawajawahi kuisha, tusidanganyane.

Hapa kwetu Sinza tuko wapangaji sita, geti moja, LUKU moja tunayogombania kila mwezi. Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa dada mmoja anayefanya kazi hospitali, zamu za usiku na mchana zinapishana (nimemwomba ruhusa ya kuandika, akasema andika ila jina usiweke). Alipohamia alifunika dirisha kwa khanga aliyoibana kwenye nondo na vibanio vya nguo. Tumefanya hivyo wote. Shida ya khanga ni kwamba ni nyepesi, feni ikipuliza inanyanyuka, na ukiwasha taa nyuma yake inakuwa kama pazia la maigizo ya vivuli. Ukinyoosha mkono wanaona, ukivua blauzi wanaona.

Siku moja asubuhi kaenda kwa Mangi kununua mkate. Kuna kaka anakaa ghorofa ya nyuma yetu, alikuwa hapo ananunua vocha. Akamwambia, kwa upole kabisa kama anayesifia kilemba, "Sista, zile pajama za nyota zimekupendeza."

Dada wa watu hajawahi kutoka nje na zile pajama.

Alirudi akakaa kwangu na mkate mkononi, hakuufungua. Hakulia wala nini, aliniuliza tu, "Ameona vingapi?" Nilikosa jibu. Wale mnaosema pazia ni mapambo ya nyumba, siku hiyo mngekuwepo.

Jioni hiyo hiyo alimpigia baba mwenye nyumba kuomba apige misumari miwili tu juu ya dirisha. Jibu lake sasa hivi tumeligeuza msemo hapa nyumbani: "Mwanangu, ukuta wangu siyo dafu, hautobolewi." Kwenye mkataba ipo pia, kutoboa ukuta hapana, na ukiharibu inakatwa kwenye dipoziti.

Nimtetee kidogo mzee. Aliyekaa chumba kile kabla alipiga misumari mwenyewe. Nyumba zetu hizi za tofali, juu ya dirisha huwa kuna linta, ule mkanda wa zege wenye nondo ndani unaobeba tofali za juu. Ukigonga msumari wa kawaida pale unapinda. Ukigonga wa zege kwa hasira, plasta inabanduka kipande kama sahani. Jamaa aligonga, ikabanduka, akahamisha msumari pembeni, ikabanduka tena. Alipohama, juu ya dirisha palikuwa kama pamepigwa risasi. Ukitaka kutoboa linta vizuri unahitaji drili ya kugonga na mtu anayejua kuishika, na ukimwita huyo mtu, mwenye nyumba anasikia kelele kabla hata hujaweka pazia.

Ndiyo tukaangukia kwenye gundi. Na hapa naingia kwa dada mmoja maarufu wa mitandaoni, simtaji, mnamjua kwa zile kucha zake. Alikuwa ameposti video anafunga mapazia ya sebule nzima bila msumari: anabandua karatasi nyuma ya braketi, anabandika ukutani, anapachika bomba, pazia linashuka, muziki, kicheko, imeisha. Sekunde 40. Jirani yangu aliiangalia kama mara tano, kesho yake akaenda Kariakoo akarudi na braketi za kubandika, bomba la chuma na mapazia mawili mazito ya rangi ya maziwa. Kwenye pakiti ya braketi pameandikwa kila moja inabeba kilo 5. Tulipeleka mzigo wote kwenye mizani ya Mangi, bomba na mapazia, ikasoma kilo 3 na nusu. Braketi mbili, kilo 10 kwa mahesabu ya pakiti. Nani angekuwa na wasiwasi?

Saa nane usiku, puu! Alipiga ukelele, sote tukatoka, mmoja na mwiko wa ugali. Tulijua mwizi. Kumbe bomba liko sakafuni, mapazia yamemfunika kitandani.

Alikuwa tayari kwenda kumtukana muuza duka. Aliyemzuia ni fundi rangi aliyekuwa anapaka nyumba ya jirani, tulimwita asubuhi aje aone. Hakuangalia ukuta. Aliokota braketi, akaigeuza, akatuonyesha mgongo wake. Gundi ilikuwa bado imeshika vizuri kabisa, ila juu yake kulikuwa na ngozi ya rangi ya krimu, ile ile ya ukutani, na unga mweupe nyuma yake. Akasema, "Gundi haina kosa. Hii haishiki ukuta, inashika rangi. Rangi yenu ndiyo haishiki ukuta."

Jamani, hiyo sentensi ingewekwa mwanzoni mwa kila video ya gundi.

Halafu akatufundisha kitu cha bure kabisa. Pitisha kiganja ukutani. Kikirudi na unga kama umefuta ubao wa shule, hapo sahau, hiyo ni rangi ya maji iliyozimuliwa mpaka ikakoma, au imepakwa juu ya vumbi. Kiganja kikirudi safi, chukua selotepu, ibandike, ikandamize vizuri, uivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, gundi yako nayo itatoka na rangi, tofauti ni kwamba itachagua saa nane usiku. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta, ule unaong'aa na kufutika kwa kitambaa, una nafasi nzuri zaidi. Marumaru za bafuni, mbao iliyopigwa vanishi, kioo, fremu ya alumini, hizo ndizo sehemu za gundi. Na kama mwenye nyumba kapaka rangi juzi ili apandishe kodi, usibandike kitu wiki nzima. Hata maelekezo ya Command, zile zinazotengenezwa na kampuni ya 3M ya Marekani, yanataka siku 7 baada ya kupaka.

Kuta za yule dada wa kucha zimepigwa skimu na kupakwa rangi ya silki, ukiweka mkono unateleza. Sisi tunaangalia video ya ukuta mwingine halafu tunabandika kwenye ukuta wetu.

Jambo la pili alilotuonyesha fundi ni umbali. Bomba la pazia halikai ukutani, linakaa mbele ya ukuta, kama upana wa kiganja hivi. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, halafu ishike mkono ukiwa umenyooka, utanielewa. Uzito ni ule ule lakini mkono unalia. Braketi nayo hivyo hivyo: mzigo ukikaa mbali, sehemu ya juu ya gundi inavutwa itoke kwenye ukuta kama mtu anayebandua stika kuanzia kwenye kona. Gundi inavumilia sana kuvutwa kuelekea chini, kubanduliwa haivumilii. Zile kilo za kwenye pakiti zinadhania ukuta mzuri na mzigo uliokaa karibu. Mimi nikisoma kilo 5 natembea na 2, na siku hizi ndivyo ninavyomshauri kila mtu.

Basi tukabadilisha mpango mzima. Mapazia mazito yakawekwa kabatini, akanunua blaindi ya kuviringisha, ya kitambaa kisichopitisha mwanga maana akitoka zamu ya usiku anahitaji kulala mchana. Upana alipima ndani ya fremu ya dirisha, dukani wakamkatia. Tuliipima nayo kwa Mangi (Mangi sasa anatuuliza leo mmeleta nini), haikufika hata kilo moja. Na haikuenda ukutani, ilienda kwenye fremu ya alumini yenyewe, juu kabisa, imelala karibu na kioo. Hakuna rangi ya chokaa, hakuna mkono ulionyooka.

Kubandika kwenyewe ni kazi ya uvumilivu tu. Fremu unaifuta kwa pamba yenye spiriti, ile ya duka la dawa. Siyo sabuni, sabuni inaacha utando na gundi inaushika huo utando badala ya fremu. Unaacha ikauke. Unaweka alama kwa penseli pande zote mbili, kwa sababu ukikosea usawa blaindi itashuka ikiwa imepinda kama kofia ya mlevi. Unabandika braketi tupu, unaikandamiza kwa dole gumba kama nusu dakika bila kuachia. Halafu, na hapa ndipo watu wanafeli, unaiacha. Gundi inaendelea kujipenyeza taratibu kwenye kila kibonde kidogo cha fremu, na tepu nyingi za povu zinataka siku nzima kabla ya kupewa mzigo. Yule wa kwenye video alipachika bomba hapo hapo, sijui kama kesho yake lilikuwepo, maana hatukuona video ya kesho yake.

Jirani yangu alibandika Jumamosi jioni, akapachika blaindi Jumapili jioni. Usiku ule mmoja wa katikati alilala kwangu, taa ya kwake imezimwa.

Vitu vidogo vya kuangalia: hakikisha dirisha la kuteleza na wavu wake vinapita bila kugonga braketi. Blaindi ivute kwa upole, maana mzigo wa blaindi hauko kwenye uzito wake tu, uko kwenye mkono wa mwenye nayo, na nyie mnaovuta kama mnapiga breki ya daladala hata msumari mtaung'oa. Kama dirisha lako linatazama magharibi, lile jua la Februari saa kumi jioni linachemsha fremu mpaka huigusi, na hizi tepu laini za kubanduka kirahisi hazipendi joto la zaidi ya nyuzi 40 hivi. Hapo tafuta tepu ya povu ngumu, ile mafundi wa magari wanayobandikia nembo. Inashika haswa, ila siku ya kuitoa utaniita.

Kuna pia bomba la springi linalojibana lenyewe kati ya kuta mbili za dirisha, halitaki gundi. Kama dirisha lako lina kina cha kutosha na ukuta hautoi unga, jaribu. Kwetu lilikuwa linateleza. Na bibi zetu walifunga waya wa pazia kwenye nondo, wakakaa nao miaka, sina neno.

Kama wiki tatu baadaye yule kaka alimkuta jirani yangu getini akamuuliza kama alikuwa amesafiri. "Naona siku hizi kwako giza." Safari hii alikuwa na jibu, tena alilitoa kwa sauti, na wapangaji wote tukiwa uani tunafua. Sitaliandika hapa, kuna watoto wanasoma. Mwenyekiti wa mtaa naye ameshaambiwa, na kaka anapita njia ya upande wa pili.

Sasa kuhusu kuhama, maana dipoziti ndiyo imetuleta huku kote. Zile tepu zenye mkia: shika mkia, uvute taratibu kwenda chini, sambamba na ukuta, inajirefusha kama bigijii mpaka inaachia. Ukiivuta kuja kwako inang'oka na rangi na umerudi kwenye plasta. Tepu ya povu haina mkia. Ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ilainike, halafu pitisha mshipi wa kuvulia au uzi wa kusafishia meno nyuma ya braketi, uvute kushoto kulia kama unakata sabuni ya mche. Mabaki kwenye alumini yanatoka kwa mafuta ya kula kidogo na kitambaa. Kwenye ukuta wa rangi ya maji usithubutu hayo mafuta, utaacha doa ambalo mzee ataliona akiwa bado getini.

Baba mwenye nyumba alikuja mwisho wa mwezi kuchukua hela ya maji, akasimama mbele ya dirisha la jirani yangu, akapapasa juu ya fremu kwa kidole kutafuta tundu. Hakuona. Akauliza imeshikwa na nini, akaambiwa gundi. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza bei, anataka ya chumbani kwake.

Mimi bado nina kesi ya dirisha la jikoni, kuna mvuke wa sufuria kila siku na ukuta ni wa ile rangi ya unga, fremu yenyewe ni ya mbao isiyo na vanishi. Mwenye kujua njia aidondoshe hapo chini, ila usiniambie khanga.