Siku Tatu Pasua: Matembezi ya Familia Chini ya Mlima

Likizo za Juni na Desemba zinapokaribia, familia zetu zilizojaaliwa uwezo wa kupumzika siku tatu au nne huelekea baharini. Wanaokuja Moshi huja kwa harusi, kwa msiba au kumpeleka mtoto shule. Hulala usiku mmoja, huutazama mlima kupitia dirisha la basi, kisha hurejea walikotoka. Imekuwa kana kwamba Kilimanjaro ni mali ya wageni wenye mabegi makubwa na viatu vya bei. Lakini kilele kile chenye mita 5,895 ni sehemu ndogo tu ya mlima. Sehemu iliyo pana zaidi, yenye watu, migomba, mito na njia za miguu, haihitaji hema wala wapagazi. Inahitaji nyumba ya wageni iliyo safi, siku tatu na mpango uliofikiriwa.

Tunasisitiza mpango kwa sababu tumeona mapumziko mengi yakiharibika kwa kuukosa. Familia huazimia kuona maporomoko, chemchemi, soko na lango la hifadhi kwa siku moja. Vijana hutangulia, wazee huchoka, na siku ya pili bibi huambiwa abaki chumbani na wajukuu wadogo ili wengine wafaidi. Amesafiri zaidi ya kilomita mia tano kutoka Dar es Salaam kuja kutazama ukuta. Mpango tunaoueleza hapa una sharti moja: kila siku iwe na matembezi ambayo mzee wa msafara anayaweza, walau nusu yake, na pawepo mahali pa heshima pa kupumzika akichoka. Anayesalisha watu ameelekezwa na Mtume (s.a.w.) awafikirie wanyonge na wazee walio nyuma yake, anayeongoza msafara wa familia hana udhuru wa kuwasahau.

Pasua ni kata iliyo upande wa kusini wa Manispaa ya Moshi, kwenye joto la tambarare. Si mtaa wa watalii. Hoteli zao ziko zaidi Shantytown na katikati ya mji. Sisi tunaipendelea kwa sababu tatu. Adhana inasikika, chakula ni kile tulichokizoea, na ukitoka nje alfajiri mlima wote umesimama mbele yako upande wa kaskazini. Kabla ya kulipia chumba, ulizeni kama nyumba ya wageni ina baa uani na muziki wa usiku, kwani zipo nyingi za namna hiyo mjini. Ulizeni pia kama mtapata maji ya moto na chai mapema, maana siku zote tatu zinaanza mapema.

Sababu ya kuanza mapema ni mlima wenyewe. Mara nyingi huonekana alfajiri, kisha kufikia saa tatu au nne mawingu huufunika, na pengine hufunuka tena jioni. Mtu aliyekunywa chai hadi saa nne huambiwa na watoto wake kwamba hakuna mlima. Januari, Februari na Septemba anga huwa wazi zaidi. Juni na Julai kuna baridi na mawingu mengi, lakini njia ni kavu kuliko wakati wa masika, Machi hadi Mei, ambapo hatumshauri mtu yeyote kupeleka wazee kwenye udongo mwekundu wa mitelemko.

Jambo la pili ni vipimo. Njia ya mlimani haipimwi kwa kilomita, hupimwa kwa saa. Kilomita nne za msitu wa tambarare ni saa moja na nusu ya mazungumzo. Kilomita nne za kupanda baina ya migomba zaweza kumaliza asubuhi nzima. Kwa hiyo katika kila siku tumeweka kikomo: kufikia adhuhuri msafara uwe umekwisha fika mahali penye maji na kivuli. Moshi iko magharibi ya Dar es Salaam, hivyo adhuhuri yake huchelewa kwa dakika kama nane, na kwa mwaka mzima huangukia kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo. Kwa wafuatao madhehebu ya Imamu Shafi, mgeni asiyekusudia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, bado ni msafiri mwenye ruhusa ya kupunguza na kuchanganya sala. Anayetoka Arusha, kilomita kama 80 tu, yuko mpakani kabisa mwa masafa yanayotajwa na wanazuoni, na ni vyema amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka.

Siku ya kwanza haina kupanda. Msitu wa Rau uko jirani na Pasua, upande wa mashariki, na bajaji hufika. Ni msitu wa hifadhi, hivyo kuna kiingilio na inafaa kumchukua mwongozaji wa hapo hapo. Njia ni tambarare na pana, na kivuli chake ni kizito kiasi kwamba mtu aliyetoka kwenye jua la Pasua husimama kwanza macho yazoee. Humo imo mivule ambayo watu watano hawawezi kuizungushia mikono, na upo mti uitwao msoo, ambao wataalamu wa mimea wanauhesabu miongoni mwa miti adimu duniani. Mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe huruka juu, na chini maji ya chemchemi yanapita kimya kimya baina ya mizizi. Mzee atembee hapa kadiri apendavyo. Akichoka, aketi, msitu utamjia wenyewe.

Wenye nguvu wanaweza kutoka na kuendelea kusini hadi kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini. Mradi huo wa umwagiliaji wa Moshi Chini ulijengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, na maji yake hutoka Mto Rau na chemchemi za Njoro. Kutembea juu ya kingo za mifereji asubuhi, mpunga ukiwa wa kijani na ndege weupe wakiwa wametulia majini, ni raha isiyo na gharama. Ila palipo na maji pana mvutano pia. Wakulima walio juu ya mradi, walipoona faida ya mpunga, nao walichepusha maji mashambani mwao, na majaruba mengi yaliyopangwa kumwagiliwa yakabaki makavu. Waelezeni watoto jambo hili wakiwa wamesimama pale pale, kwa sababu kesho wataona yanakotoka maji hayo. Rudini kabla ya saa sita. Jua la tambarare ile halina huruma.

Siku ya pili ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Pandeni gari stendi ya Moshi, mpite Kiboriloni penye soko kubwa la mitumba (akina mama wa msafara waahidiwe kuwa watashuka wakati wa kurudi, vinginevyo hamtafika), kisha mpinde kupanda Old Moshi hadi Kidia. Jina lenyewe lina historia. Moshi ya asili ilikuwa huku juu. Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwanzoni mwa miaka ya 1910, mji ukakua kando ya stesheni na kuchukua jina, na mji wa juu ukabaki kuitwa Moshi ya Kale.

Kidia iko zaidi ya mita 500 juu ya Pasua, na tofauti husikika puani: hewa ni nyepesi, ina harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni. Hapa hakuna uwanja wa kuingia wala lango. Mnatembea ndani ya makazi ya watu. Shamba la Mchaga, kihamba, limepandwa kwa ghorofa: juu kuna miti ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na majani ya ng'ombe afugwaye zizini. Mipaka imewekwa kwa masale, mmea wenye majani marefu ya kijani ambao pia hubebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha kwa jirani yake. Msivunje jani lake kwa mchezo. Salimieni kila mnayekutana naye, mzee kwanza, na mkipewa njia au maji semeni "aika", ndiyo asante yao. Msipige picha nyumba ya mtu bila idhini. Sisi wenyewe tusingependa mgeni apige picha uani kwetu akina mama wakipika.

Kandokando ya njia mtakutana na mifongo, mifereji ya kienyeji iliyochimbwa na mababu wa Wachaga kabla ya mkoloni yeyote kufika. Maji huchukuliwa juu sana, korongoni, yakaongozwa kufuata ubavu wa kilima kwa mteremko mdogo mno kiasi kwamba jicho hudhani yanapanda. Kila mfongo una wazee wake, zamu zake za kumwagilia na kazi ya pamoja ya kuuzibua; asiyefika kazini hutozwa. Mama mmoja wa msafara wetu, aliyekwisha pita miaka sitini na mwenye magoti mabovu, aliketi kwenye jiwe kando ya mfongo saa nzima huku sisi tukizunguka juu. Tuliporudi alikuwa amekwisha jua zamu ya nyumba tatu na sababu ya ugomvi wa wiki iliyopita. Tuliona yeye ndiye aliyefaidi zaidi.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kufika Tsudunyi, kwenye mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli mwezi Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Kichaga na Kimeru. Meli ndiye ambaye vikosi vyake viliwashinda Wajerumani mwaka 1892. Kichwa chake kinaaminika kukatwa na kupelekwa Ujerumani, na hadi leo wazao wake wanakitafuta. Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa Berlin mwaka 2023 viliyaoanisha mafuvu matatu na jamaa walio hai wa Kilimanjaro, mmoja akiwa Akida, mshauri wake. La Meli halikuwamo. Sisi tunaofundishwa kumsitiri maiti na kuharakisha maziko yake hatuhitaji maelezo marefu kuelewa uzito wa familia inayongoja zaidi ya miaka 120. Pale pawe mahali pa utulivu. Biskuti na soda zingoje mbele.

Kuhusu chakula, mlimani kuna ndizi za kila namna: mtori, machalari, kiburu. Ni vyakula vizuri, ila mtori na machalari huwa na nyama, na haifai kuona haya kuuliza imechinjwa na nani. Mnaweza pia kukaribishwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa ukarimu mtupu. Mwenyeji hakusudii kuwaudhi. Kataeni kwa mikono miwili na tabasamu, na mwombe maji au ndizi mbivu badala yake, ili asione kwamba mmeikataa nyumba yake. Sisi hubeba chapati, mayai ya kuchemsha na chai ya tangawizi, pamoja na chupa ya maji ya udhu na mikeka miwili. Akina dada wavae viatu vya kushika udongo na nguo isiyoburuza; buibui refu kwenye mteremko uliolowa ni hatari kwa mvaaji na kwa anayemfuata.

Siku ya tatu ina njia mbili, na hapa msafara unaweza kugawanyika bila mtu kuonewa. Vijana wengi watataka Materuni, Uru, kwenye maporomoko marefu ya maji baridi. Kutoka kijijini ni mwendo kama wa saa moja, na sehemu ya mwisho ina utelezi. Ni pazuri kweli, lakini siku za wikiendi pana kelele nyingi na mavazi ya kuogelea, na wazazi wapime wenyewe.

Sisi tungechagua Marangu, zaidi ya kilomita arobaini kutoka Pasua kupitia Himo. Walio wazima wajiandikishe langoni kwa matembezi ya siku moja hadi Mandara, kituo cha kwanza, kwenye kimo cha mita 2,700 hivi. Ni kilomita kama nane, saa tatu za kupanda na mbili za kushuka, ndani ya msitu wa ukungu wenye miti iliyofunikwa ndevu za kijivu. Mbebe vitambulisho vya taifa, kwa sababu ada ya raia ni ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni. Malipo si ya taslimu, na lazima muwe na mwongozaji mwenye kibali. Ulizeni yote haya siku moja kabla. Koti la mvua libebwe hata kama Pasua mliiacha kwenye jua kali. Langoni muwe mmefika saa mbili asubuhi, na ikifika saa saba mchana bado hamjafika Mandara, geukeni.

Wazee na watoto wadogo wabaki Marangu Mtoni, ambako soko lipo, mto upo, na maporomoko madogo ya Kinukamori hayako mbali, ingawa yana ngazi ambazo wenye magoti wazitazame kwanza kutoka juu. Mtu mzima mmoja abaki nao kwa hiari yake, asiyechaguliwa kwa kura. Maji wanayoyaona yakipita pale, kama yale ya Rau, hushuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaingia Mto Pangani na kufika baharini. Jamaa waliotoka Tanga wanaweza kuyasabilia salamu.